Tambi za Mkono kwa Samaki wa Ziwa Letu



Ukisimama asubuhi kwenye ufuo wa Dunga hapa Kisumu, ama kule Mbita, ama Usenge, utaona jambo ambalo tumelizoea hata hatuliulizi tena. Mbuta mkubwa akishatolewa mtumbwini hupimwa, hutiwa barafu na kupelekwa kiwandani. Huko hutolewa minofu, nayo minofu mingi husafirishwa kwenda ng'ambo. Kinachobaki kwetu ni kichwa na mifupa, yaani mgongo wazi, ambao akina mama wa Obunga wanajulikana sana kwa kuukaanga na kuuza. Jioni ikifika, mtoto wa mvuvi anakula kuon na mboga, ama mchuzi ambao samaki amepita tu akaenda zake.

Mojawapo ya nchi ambazo zimenunua minofu hiyo ni Italia. Basi tumeonelea tueleze chakula kimoja cha Waitaliano: tambi zilizotengenezwa kwa mkono, zikaliwa na samaki. Si ati tunataka watu waache kuon. Hapana. Tunaeleza kwa sababu vitu vyote vinavyohitajika viko katika soko letu, watoto hukipenda, na vikundi kadhaa vimetuuliza kama kinaweza kuuzwa. Juu ya hilo la kuuza tuna habari ya kusikitisha kidogo, tutaisimulia mwishoni.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI?

Tulipofundisha chakula hiki mara ya kwanza, mama mmoja alituambia waziwazi, "Hii chakula ni ya Wazungu wa hoteli, sisi tutaiweza wapi?" Tulimjibu kwamba tambi si ngeni Afrika Mashariki. Wenzetu wa pwani hupika tambi kwa sukari, iliki na nazi tangu zamani. Ndugu zetu Wasomali hula tambi, wanaziita baasto, nao walizizoea wakati Waitaliano walipotawala sehemu ya nchi yao. Mara nyingi huzila pamoja na ndizi mbivu. Huko Malindi Waitaliano wengi wamekaa kwa miaka, na ukienda utapata tambi kwa kamba, ngisi na pweza. Vyakula hivyo vya baharini wao huviita kwa lugha yao "matunda ya bahari".

Hata huko Italia tambi zina historia ndefu. Mwanajiografia Mwarabu, al-Idrisi, aliandika katika karne ya 12 kwamba mahali paitwapo Trabia, katika kisiwa cha Sicily, watu walitengeneza tambi nyingi na kuzisafirisha kwa meli. Nyanya zilikuja baadaye sana kutoka bara la Amerika, sawa na mahindi yetu.

Jambo tunalotaka mlishike ni hili. Vyakula vingi vya samaki vya Italia havikuanzia hotelini. Vilianzia kwa wavuvi maskini. Samaki mzuri alipelekwa sokoni, na mvuvi akarudi nyumbani na wale wadogo, waliovunjika, wenye miiba mingi, ambao hakuna aliyewataka. Mkewe alivitia vyote sufuriani, vichwa na mifupa, akapata supu nzito ya kulia mkate ama tambi. Je, hiyo si hadithi yetu sisi wenyewe? Wao pia walibakiwa na mgongo wazi. Lakini hawakuona haya, waliupika vizuri mpaka leo matajiri wanalipa pesa nyingi kula chakula hicho.

VITU VYA KUTAYARISHA (watu 10)

Kwa tambi:
- Unga wa ngano mweupe, kilo 1
- Mayai 5
- Maji safi, vijiko vya mezani 12 hadi 14
- Chumvi, kijiko kidogo 1

Kwa mchuzi:
- Mnofu wa mbuta ama ngege, kilo 1. Kama pesa ni kidogo, nunua migongo wazi mibichi 3 mikubwa pamoja na kichwa 1
- Nyanya zilizoiva vizuri, 15
- Vitunguu maji 3
- Vitunguu saumu, punje 6
- Mafuta ya kupikia, nusu kikombe
- Dania fungu 1, ndimu 2, chumvi, na pilipili moja ukipenda

Waitaliano wengi wangetumia mayai 10 kwa kilo moja ya unga, yaani yai moja kwa kila gramu 100. Sisi tumepunguza mayai na kuongeza maji, na tambi zimetoka vizuri. Kule kusini mwa nchi yao tambi nyingi hutengenezwa kwa unga wa ngano ngumu na maji matupu. Kwa hivyo usiache kupika kwa sababu mayai ni machache. Mafuta ya zeituni wanayotumia ni ghali kwetu, mafuta ya alizeti yanatosha. Jibini pia usiitafute. Kwa desturi Waitaliano wengi hawatii jibini kwenye tambi za samaki.

KUTENGENEZA TAMBI

1. Osha mikono kwa sabuni, na meza pia. Mimina unga mezani kama kilima, kisha uchimbe shimo katikati. Vunja mayai moja moja kwenye bakuli kwanza, usije ukaharibu unga wote kwa yai moja bovu. Yakiwa mazuri, yamimine shimoni pamoja na chumvi.

2. Piga mayai kwa uma ukivuta unga kidogo kidogo kutoka pembeni. Ongeza maji kijiko kwa kijiko. Usiyamwage yote mara moja. Unga mwingine hunywa maji sana na mwingine kidogo.

3. Kanda kwa nguvu dakika 10 nzima. Unga huu ni mgumu kuliko wa chapati, usishangae. Sukuma kwa kiganja, kunja, geuza, sukuma tena. Umeiva kukandwa ukiwa laini kama ncha ya sikio na haushiki mikono.

4. Funika kwa sufuria ama kitambaa chenye unyevu, uache nusu saa. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka, halafu wanalalamika kwamba unga unajivuta na kurudi nyuma ukiusukuma. Unga ukipumzika hulegea, nawe husumbuki.

5. Gawa madonge 10. Sukuma donge moja moja kwa kijiti cha chapati, mengine yabaki yamefunikwa yasikauke. Sukuma mpaka liwe jembamba sana, chapati yako ya kawaida ni nene mara mbili ama tatu. Ukiliinua kwenye mwanga, uone kivuli cha mkono wako upande wa pili.

6. Nyunyiza unga mkavu juu, liache dakika chache lipoe unyevu, kisha ulikunje kama mkeka. Kata kwa kisu kikali vipande vyenye upana wa penseli. Vikunjue mara moja, uvitikise na unga kidogo na kuvitandaza kwenye sinia. Vikikaa vimelaliana vitashikana, na kazi yako yote itakuwa bure.

KUPIKA MCHUZI

Anza mchuzi kabla ya kuchemsha tambi, maana tambi za mkono hazingojei mtu.

Kama una mgongo wazi, uoshe, uweke pamoja na kichwa kwenye maji ya kufunika tu, na kitunguu kimoja. Chemsha polepole dakika 20. Utoe, upoe kidogo, kisha uchambue nyama yote kwa vidole. Mtashangaa nyama iliyo katikati ya mifupa na kwenye mashavu ya kichwa. Rudisha mifupa kwenye maji yale yale dakika 15 nyingine, halafu chuja kwa kitambaa safi. Hiyo supu ndiyo utamu wenyewe.

Kaanga vitunguu maji vilivyobaki kwa mafuta mpaka vilegee, si mpaka viungue. Tia vitunguu saumu vilivyopondwa, na pilipili. Baada ya dakika moja tia nyanya zilizokatwakatwa na chumvi. Acha zichemke dakika 20 mpaka ziwe nzito na mafuta yaanze kuonekana juu. Ongeza vikombe 2 vya ile supu, uache ipungue kidogo.

Samaki huja mwisho. Sisi wa ziwa tuna tabia ya kuchemsha samaki muda mrefu, lakini hapa mnofu uliokatwa vipande vya ukubwa wa vidole viwili hutosha dakika 6 ama 7. Umeiva ukiwa mweupe mpaka katikati na ukiachana ukiugusa kwa uma. Ukikaa sana hugeuka makombo. Nyama iliyochambuliwa kwenye mgongo wazi imekwisha kuiva, kwa hivyo itie tu ipate moto. Usikoroge kwa nguvu, tikisa sufuria.

KUCHEMSHA NA KUCHANGANYA

Chukua sufuria kubwa, maji lita 8 na chumvi vijiko 4 vya mezani. Maji yachemke kwelikweli, yakiruka, ndipo utie tambi. Koroga mara moja zisishikane. Tambi mbichi za mkono huiva kwa dakika 3 ama 4 tu. Onja moja: iwe laini lakini bado uisikie menoni. Kama sufuria ni ndogo, pika mara mbili.

Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke kando. Maji hayo yana wanga, na ukitia kidogo kwenye mchuzi hushika tambi vizuri. Mimina tambi ndani ya mchuzi zikiwa moto, geuza polepole dakika moja juu ya jiko, kisha tia dania na ndimu. Pakua papo hapo.

KAMA UNA OMENA TU

Usiseme chakula hiki hakikuhusu. Kule Sicily kuna tambi maarufu sana zinazopikwa na dagaa wa baharini, na watu wasio na pesa za jibini hunyunyiza juu yake makombo ya mkate yaliyokaangwa. Sisi tumejaribu hivi kwa omena. Chukua vikombe 4 vya omena wakavu, uwachambue mchanga, uwaoshe kwa maji moto mara mbili, uwakaushe na kuwakaanga mpaka wakauke vizuri. Pika mchuzi wa nyanya kama tulivyoeleza, changanya na tambi, halafu tia omena juu wakati wa kupakua wasilainike. Chukua mkate wa jana, uusugue uwe makombo, ukaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka uwe rangi ya kahawia, unyunyizie.

Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na kwa sababu hiyo hujenga mifupa na meno ya watoto. Kumbukeni tu kwamba upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, basi kikundi chenye busara huweka akiba ya omena wakavu mapema.

TAHADHARI

- Samaki mzuri ana macho angavu na matamvua mekundu, na ukibonyeza nyama inarudi. Mgongo wazi huharibika upesi kuliko samaki mzima. Ukinuka, usiutie ndimu kuficha. Utupe.
- Usinunue mbuta mdogo asiyefika sentimita 50. Sheria hairuhusu avuliwe, na ukimnunua unamla kabla hajazaa.
- Mgongo wazi una miiba myembamba. Chambua kwenye sinia kwenye mwanga, na wa pili arudie kazi ya wa kwanza, hasa kama watoto watakula.
- Tambi zenye mayai zipikwe siku ile ile. Hapa ziwani hewa ina unyevu, zikilala huota ukungu.

JE, NI BIASHARA?

Sasa tufike kwenye ile habari ya kusikitisha. Kikundi kimoja cha akina mama, wanachama 20, walifundishwa nasi chakula hiki kwa siku mbili. Walikipenda sana. Juma lililofuata wakaamua kuuza sahani 40 siku ya soko. Pesa za kuanzia walichukua kwenye chama chao cha mzunguko, wakisema watazirudisha jioni. Mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika alikubali kungoja. Pesa zake zilikuwa za karo.

Walipiga hesabu hivi: unga kilo 4, shilingi 400. Mayai 20, shilingi 300. Mnofu wa mbuta kilo 4, shilingi 2,400. Jumla shilingi 3,100, yaani shilingi 77.50 kwa sahani. Wakauza shilingi 100. Kwa macho yao faida ilikuwa shilingi 22.50 kila sahani.

Lakini nyanya, vitunguu na dania, shilingi 560, walitoa kwa mkoba wa mwenyekiti. Mafuta ya shilingi 240 na makaa ya shilingi 320 pia hawakuyaandika. Jumla ya kweli ilikuwa shilingi 4,220, nayo ni shilingi 105.50 kwa sahani. Maana yake kila sahani waliyouza ilikula shilingi 5.50 za kikundi, na walikuwa wakiuza kwa furaha! Tena sahani 28 tu ndizo zilizonunuliwa. Walirudi na shilingi 2,800. Pengo lilikuwa shilingi 1,420.

Karo haikulipwa kwa wakati na mtoto akakaa nyumbani siku 4. Katika mkutano maneno yalikuwa makali. Wengine walisema chakula cha Wazungu kimeleta laana. Wengine walimgeukia mweka hazina, naye akalia. Sisi tuliokuwepo hatukuweza kunyamaza, ilibidi tukiri kwamba kosa lilikuwa letu pia. Tuliwafundisha kukanda unga dakika 10, hatukuwafundisha kuhesabu hata dakika 5. Mwisho walikubaliana kila mwanachama atoe shilingi 71, pengo likajazwa, na mtoto akarudi darasani.

Baada ya miezi miwili walijaribu tena, safari hii sahani 20 tu, kwa mgongo wazi badala ya mnofu. Waliandika kila kitu, hata kiberiti kilichokuwepo nyumbani. Kwa sahani 10 hesabu ilikuwa hivi: unga 100, mayai 75, mgongo wazi na kichwa 200, nyanya 80, vitunguu na dania 60, mafuta 60, makaa 80. Jumla shilingi 655. Kwa sahani 20 ni shilingi 1,310. Waliuza zote kwa shilingi 100, wakapata shilingi 2,000. Ziada ilikuwa shilingi 690.

Wakapiga vigelegele. Ndipo mama mmoja mzee akauliza, "Waliopika walikuwa wangapi?" Walikuwa watano, kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Gawanya: shilingi 138 kwa kila mmoja. Basi hiyo haikuwa faida, ilikuwa mshahara wao, tena mdogo. Swali lile la yule mama lilikuwa mafunzo kuliko mafunzo yetu yote.

Bei hizo ni za siku ile na soko lile. Kwenu ni tofauti, na hubadilika kila wakati. Chukueni njia ya kuhesabu, si tarakimu. Andikeni kila kitu, hata kilichotoka jikoni kwa mtu. Gawanyeni kwa sahani mnazotegemea kuuza, si mlizopika. Lipeni wapishi kwanza kwenye karatasi, ndipo mseme faida. Na pesa za zamu ya mtu zisiguswe kamwe. Anzeni na sahani 10, siku ambayo watu hutafuta samaki, kama Ijumaa za Kwaresima.

Yule mama aliyedai hii ni chakula ya Wazungu sasa huipika mara moja kwa mwezi, si kwa kuuza. Anasema wajukuu humaliza mpaka supu ya mifupa, na kwamba amechoka kuona samaki wa ziwa lake akishiba nao mtu wa mbali kabla ya mtoto wake. Sisi tunaona huo ndio mwanzo mzuri. Pikeni kwanza kwa ajili ya nyumba zenu. Mkishajua ladha na gharama, ndipo mfikirie soko.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika boma zetu, ni nani hula sehemu nzuri ya samaki? Watoto hupata nini?
2. Ni vyakula gani tunavyodharau, kama mgongo wazi na omena, ambavyo vingeweza kupikwa vizuri zaidi?
3. Biashara yetu ya mwisho, tuliandika gharama zote? Ni zipi tulizozisahau?
4. Pesa za mzunguko zinalindwaje zisitumiwe kwa jambo lingine?

Mkijaribu chakula hiki, tutumieni habari: kilichofaulu, na kilichoungua pia.